Pamoja na Wote Aliokuwa Nao

Shemeji yangu alipewa sauti ambayo si ya mwili wake. Ukimwona njiani ni mtu mfupi, kifua kimebonyea, shati siku zote limezidi mabega. Lakini akishika kipaza sauti, hata mbwa wa mtaa wanatulia. Ndiyo maana mji mzima unamwita Redio. Kazi yake ni kutangaza. Mtu akifiwa, mbuzi akipotea, maji yakikatwa, duka jipya likifunguliwa, wanamfuata Redio. Anakaa mbele kwenye pikapu yetu yenye spika mbili juu, na mimi naendesha taratibu mtaa kwa mtaa. Mimi ni dereva wake, na mke wake ni dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo siwezi kuacha kazi hata aniudhi vipi. Na kuniudhi anajua.

Ana utaratibu wake, hasa kwenye vifo. Hatangazi kifo kwa jina tu. Lazima aambiwe marehemu ni mtoto wa nani, dada wa nani, ameacha nani, na nani yuko mbali ambaye anatakiwa arudi. Ukimwambia marehemu hana watu, anakukatalia kabisa, anakurudisha ukaulize vizuri. Tumeshagombana juu ya hilo mara nyingi, jua linatuchoma na mafuta yanaungua bure. Ananiambia nimwoneshe mtu aliyejizaa mwenyewe, halafu ndipo tuondoke. Na kila tangazo la kifo analimaliza kwa maneno yale yale: habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Ameyasema hayo miaka yote ya kazi yake mpaka siku hizi yanatoka yenyewe, akili yake ikiwa mahali pengine.

Sasa Kiberiti. Kiberiti alikuwa mkuu wa wale watu wa msituni waliotunyima usingizi kwa miaka. Tulimwita hivyo kwa sababu alipopita hapakubaki paa. Watu walimwogopa mpaka neno lenyewe likahama madukani. Ukitaka kuwasha jiko ulikuwa unamwambia muuza duka akupe kile cha kuwashia, naye anakupa huku anachungulia mlangoni. Ujinga mtupu, lakini hata mimi na domo langu hili nilikuwa nasema hivyo hivyo.

Na ndiye aliyemchukua mtoto wetu. Shemeji na dada yangu wana binti mmoja tu. Tulimwita Cherehani, maana mdomo wake ulikuwa haukai, asubuhi mpaka jioni anashona maneno. Siku moja alitumwa mashineni kusaga unga. Watu wa Kiberiti wakavamia mashine, wakabeba magunia, wakabeba na wasichana waliokuwa kwenye foleni. Mji wote ulikuja kwetu, ukajaa uani, ukalia pamoja na sisi. Hilo kila mtu analijua, na tangu siku hiyo nyumba ya dada yangu inaheshimiwa kama nyumba iliyoumizwa.

Liko na la pili ambalo halijulikani. Mwaka jana alipita jamaa mmoja aliyetoroka kule msituni, akajifanya anauliza njia. Akamwambia dada yangu, akiwa amesimama mlangoni, kwamba Cherehani yuko hai. Ila Kiberiti mwenyewe amemfanya mke wake, wamepata mtoto, na hamwachi nyuma. Akihama anahama naye. Akanywa maji, akashukuru, akaenda zake, na hatujamwona tena. Dada yangu alikaa sakafuni akacheka na kulia kwa pamoja. Halafu akatuita sisi wawili, akafunga mlango, akatuapisha tusimwambie mtu.

Alikuwa na sababu. Msichana mmoja wa mtaa wa nyuma alirudi kutoka kule akiwa na mtoto mgongoni. Mwanzoni walimkumbatia, wakamletea nguo. Hata mwezi haukuisha, wakaanza kumwita mke wa msituni. Bombani wanawake walisubiri ndoo yake iondoke, wanasuuza bomba kwanza, ndipo wanachota. Mwanawe akikaribia wenzake wanaitwa ndani. Mwisho alifunga vitu vyake akaondoka. Na yule alikuwa mke wa mbeba mizigo tu. Wetu alikuwa mke wa Kiberiti.

Basi asubuhi ile tulikuwa tunafunga spika tukatangaze kukatika kwa maji. Mara tukamwona bwana afisa wa ofisi ya mji anakuja mbio, mtu ambaye hata mvua haijawahi kumkimbiza. Alikuwa anahema na kucheka. Kiberiti ameuawa, akasema. Ndege za jeshi zimepiga kambi yake alfajiri. Tuachane na mambo ya maji, tutangaze hivi: Kiberiti ameuawa pamoja na wote aliokuwa nao, na wananchi wote wafike mchana uwanja wa mpira kusherehekea. Akamshika shemeji bega, sauti ikamlegea. Alisema ameona jambo hili lisemwe na Redio mwenyewe, kwa sababu hakuna mwenye haki nalo kumzidi yeye. Alikuwa na nia njema kabisa yule bwana.

Shemeji alikuwa ameshika waya. Akauliza polepole, "Wote ni akina nani?"

Afisa akacheka. "Wote, mzee. Hata kuku wao."

Tulipobaki wawili ndani ya gari nilimwambia nichomoe waya wa betri, tuseme gari limekufa. Nilikuwa tayari hata kutoboa tairi. Shemeji alikuwa anatazama mbele, mikono juu ya magoti. Akasema siku zote gari likifa tunazunguka kwa miguu na kipaza sauti cha mkononi, na mji mzima unajua. Leo tukae nyumbani, halafu? Wataanza kuuliza kwa nini baba Cherehani hakutoka. Akapuliza kipaza sauti mara mbili kama kawaida yake, akaniambia niwashe.

Mtaa ulikuwa umeshapata habari kabla yetu. Dukani watu walijazana wanaagiza viberiti kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake anapiga kelele apewe kiberiti, hata asiyevuta sigara, asiye na jiko. Muuza duka alikuwa anawasha njiti moja moja na kuzitupa chini, anacheka mpaka machozi. Mama wa mikate, ambaye mumewe aliungulia ndani ya nyumba yao, alikuwa amefunga tanuri lake na kuvaa nguo aliyokuwa ameiweka tangu msiba. Alikuwa anacheza katikati ya barabara bila muziki, peke yake, macho amefumba. Nani angemwambia aache? Mimi nilisimamisha gari nikamsubiri.

Lakini si wote walikuwa hivyo, nisije nikaongopa. Kwa kinyozi kulikuwa na ugomvi mkubwa. Mwalimu mstaafu alikuwa anasema huyu mtu angekamatwa, asimame mbele ya hakimu aseme watu wetu amewafukia wapi, na kwamba yeye hataenda uwanjani kuchezea maiti. Kinyozi, wembe mkononi, akamwuliza hakimu ataezeka nyumba ngapi. Mwalimu akamwita mpumbavu. Kinyozi akamwita mtetezi wa mashetani. Katikati yao mteja amenyolewa upande mmoja, anawasihi wammalizie kwanza kichwa ndipo waendelee na siasa zao.

Shemeji akaanza. Sauti yake ilitoka nzima, nene, ile ile. Alisema habari njema, alisema Kiberiti, alisema ameuawa. Vigelegele vikapigwa. Nikamsikia anasema pamoja na wote aliokuwa nao, na hapo hapo mdomo wake, bila yeye, ukaendelea na njia yake ya kila siku: habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.

Barabara nzima ilinyamaza. Shemeji mwenyewe alitoa macho, kipaza sauti bado mdomoni. Kisha muuza duka akaangua kicheko, na wengine wote wakafuata, watu wakashikana mbavu. Redio ana utani huyu! Rudia, Redio, rudia! Ikabidi arudie. Tangu hapo kila kona tuliyofika walikuwa wameshasikia, wanamtaka aseme na yale maneno ya mwisho, na alipoyasema walipiga makofi. Mimi nilitazama usukani.

Mmoja tu hakucheka. Pale bombani palikuwa na bibi mmoja ambaye mwanawe wa kiume alitoroka nyumbani akajiunga na Kiberiti, na tangu hapo watu walikuwa hawamsalimii. Alikuja mpaka dirishani kwetu, akaushika mkono wa shemeji kwa mikono yake miwili yenye maji. Akasema, "Ahsante, mwanangu, kwa kutukumbuka na sisi." Akarudi kwenye ndoo yake. Shemeji aliuacha mkono wake dirishani vile vile mpaka tulipokata kona.

Mtaa wetu niliupita kwa mwendo wa kasi. Nilitia gia nikakanyaga mafuta, nikijidanganya kwamba dada yangu hatasikia. Spika zile zinasikika hata ng'ambo ya soko, mimi mwenyewe ndiye niliyezifunga. Alisikia, na alisikia kwa sauti ya mumewe.

Uwanjani tulipofika kupanga vyombo vya muziki, fundi simu alikuwa amezungukwa. Alikuwa ametumiwa video ya kule kambini, na kila mtu anataka kuiona. Walipomwona shemeji walipisha njia, wakamsukuma mbele, mzee aone, mzee aone. Mimi nikabanana naye.

Askari aliyerekodi alikuwa anatembea, picha inatikisika. Vibanda vinafuka moshi. Wanaume wamelala kifudifudi, mmoja anageuzwa kwa mguu, uso wake unasogezwa karibu: ndiye yeye. Watu wakashangilia. Kiberiti alikuwa na mvi. Sijui nilitegemea nini, pembe labda. Kisha simu ya yule askari ikazunguka upande mwingine, haraka haraka, na kabla video haijakatika alionekana mwanamke amelala kiubavu, mgongo umetuelekea, nguo ya kijani, na kitu kimefungwa mgongoni.

"Rudisha," shemeji akasema.

Fundi simu akairudisha mwanzo. Watu wakashangilia upya. Shemeji alikuwa hamtazami Kiberiti, mimi nilijua, alikuwa anasubiri mwisho. Ulipopita akasema tena arudishe. Watu wakaanza kucheka kwa furaha, mwacheni mzee ajishibishe, ana haki yake. Akasema arudishe tena. Mara hii akaomba aishike simu mwenyewe, akaisimamisha pale mwishoni, akaikuza kwa vidole kama alivyoona vijana wakifanya. Ukiikuza inakuwa vidoto. Kijani, cheusi, kijani. Nilimshika kiunoni kwa nyuma kwa sababu niliogopa ataanguka na watu wataona. Fundi simu akampigapiga mgongoni, akamwambia asijali, atamtumia hiyo video kama zawadi, awe anaitazama kila siku kabla ya kulala.

Tulisema tumesahau waya wa umeme nyumbani, tukaondoka.

Dada yangu alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, mboga zimekatwa nusu. Hakuuliza habari. Jirani alikuwa ameshampigia ukuta akamweleza juu ya video.

"Umemwona?"

"Nimeona mwanamke," shemeji akasema. "Mgongo wake tu."

"Mgongoni ana nini?"

"Mtoto. Au mzigo. Sijui, mama Cherehani. Sijui."

Akauliza nguo ni ya rangi gani, akaambiwa kijani. Akasema mwanawe hapendi kijani, tangu mdogo alikuwa anagoma kuivaa. Halafu akasema kule msituni nani anachagua rangi.

Tulianza kuhesabu ni nani wa kuulizwa. Jeshi? Utakwenda kambini kwao uulize kama miongoni mwa maiti za Kiberiti yumo mwanao, na ukitoka hapo jina lako limeshafika sokoni kabla yako. Bwana afisa? Yule kwa furaha aliyokuwa nayo angelia na sisi, kisha angemwambia mkewe, na mkewe ndiye gazeti la mji. Yule jamaa aliyetoroka hatumjui hata kwao. Mtu mmoja tu duniani alikuwa na uhakika Cherehani alilala wapi jana, na ndiye huyo waliyekuwa wanasherehekea kifo chake. Nilimchukia Kiberiti miaka yote hiyo, nilimwombea mabaya asubuhi na jioni, na pale jikoni nilimtaka awe hai. Nilimtaka hai kwa moyo wangu wote, nimshike shingo nimwulize. Nilisema hivyo kwa sauti, na shemeji akainama akaweka paji la uso kwenye meza.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa mikate, anatota jasho, maua kichwani. Alikuwa amemfuata dada yangu. Alisimama nje akaita kwamba wenzao wote wameshafika, na wamekubaliana wao wawili ndio wafungue dansi, yeye kwa mume, dada yangu kwa binti. Hawataanza bila yeye. Dada yangu akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, sijui aliitoa wapi, kwamba avumilie kidogo, anabadilisha nguo.

Akasimama. Akanawa mikono, akaifuta vizuri kidole kwa kidole. Shemeji akamwambia hawezi kwenda huko, hakuna anayemlazimisha, tuseme anaumwa, presha, kichwa, chochote.

Dada yangu alitujibu kwa kunong'ona, kwa sababu ya yule aliye nje.

"Kama amekufa, nitamlia, siku zipo nyingi. Kama yuko hai atakuja hapa, hana kwingine. Na watamtazama, watasema huyu ni mke wa Kiberiti, na nyumba yao ilikaa kimya siku ile, ilikuwa inaomboleza. Sitaki wawe na cha kusema. Nataka wao wenyewe wakumbuke mama yake alikuwa wapi."

Akaingia chumbani, akatoka amevaa nguo yake nzuri ya harusi za watu, amejipaka mafuta usoni. Akamwuliza mume wake kama ataweza kusimamia muziki. Shemeji akatikisa kichwa. Hakuwa na sauti hata ya kusema hapana, Redio mzima. Basi dada akanigeukia akaniambia, wewe mdogo wangu, utaweza. Hakuniuliza, aliniambia tu.

Uwanja ulikuwa umejaa mpaka golini. Mwalimu mstaafu hakuja, alitimiza neno lake, na namheshimu kwa hilo. Bibi wa bombani naye hakuonekana, na kuna watu niliowasikia wakisema yuko ndani kajifungia, analia, na kwamba wamemjua vizuri leo. Dada yangu naye aliwasikia, maana alipita karibu nao. Nikawasha muziki. Shemeji alikaa nyuma ya gari, chini, ameegemea tairi, mahali ambapo hakuna aliyeweza kumwona isipokuwa mimi.

Walifungua duara. Mama wa mikate akaingia upande huu, dada yangu upande ule. Mwanzo miguu yake ilikuwa mizito, akakosa hatua, nikadhani ataanguka. Kisha akaipata. Jamani, dada yangu alicheza. Ujanani alikuwa anasifiwa kwa kucheza na nilikuwa nimesahau. Aliinua mikono, akazunguka, akainama, akapiga kigelegele chake mwenyewe, kirefu, na uwanja mzima ukamwitikia. Wanawake walilia kwa kumwona. Mama wa mikate alimkumbatia katikati ya duara akamwambia, nilisoma kwenye midomo, leo tumepona, mwenzangu. Dada yangu akaitikia kwa kichwa.

Fundi simu aliingia ndani ya duara anarekodi. Dada yangu alipoiona simu hakukwepa. Aliisogelea, akaipa uso wake wote, akacheza mbele yake huku anatabasamu, taratibu, ili aonekane vizuri na atambulike. Bwana afisa alikuwa kando yangu anapangusa macho, ananiambia mama huyu leo amezaliwa upya, na mimi nikamwambia ndiyo.

Wimbo ulipokaribia kuisha, dada alinitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu. Akanionyesha kwa mkono nisiukate, niurudie, niongeze sauti. Nilitazama nyuma ya gari. Shemeji alikuwa ameziba masikio. Nikaurudia, nikaongeza sauti.